Muulize Bwana Shamba: Kihisi Chasema Udongo Umelowa, Mchicha Wanyauka

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, habari za vihisi vinavyofukiwa shambani na kupeleka vipimo kwenye simu ya mkulima kupitia intaneti. Sikudhani aya hiyo ingeleta barua nyingi kuliko makala yote ya nzi wa embe, lakini ndivyo ilivyokuwa, na karibu zote zimetoka Mombasa. Nimechagua sita. Neno kihisi naona limekaa vizuri kuliko sensa, ambalo mafundi wengi wa mjini hulitumia. Mzee mmoja wa Kisauni alipoambiwa kwamba sensa inaletwa shambani kwake, alirudi nyumbani kutafuta kitambulisho.

SWALI: Bwana Shamba, salamu nyingi. Nina nusu ekari Mwakirunge, nalima mchicha, bamia na biringanya, na namwagilia kwa pampu ya petroli kutoka kisimani. Kijana wangu anayefanya kazi mjini amepata mtu anayeuza vihisi vitatu vya unyevu wa udongo pamoja na kisanduku chenye laini ya simu, vyote kwa shilingi 18,000. Anasema nitajua hali ya shamba nikiwa kitandani. Mimi hushika udongo kwa mkono nikajua. Je, hiyo ni pesa ya kutoa, au nitakuwa nimenunua pambo?
Mkulima wa mboga, Mwakirunge

JIBU: Mzee mwenzangu, mkono wako usiudharau. Ukiufumbata udongo, ukaufungua mkono, na donge likabaki na alama za vidole, umekwisha kujua jambo ambalo kihisi kitakuambia kwa namba tu. Kasoro ya mkono ni kwamba haufiki chini na haukumbuki. Hufika inchi tatu au nne, ilhali mizizi ya bamia na biringanya hunywa chini zaidi ya hapo. Wala hauwezi kukuambia kwamba wiki iliyopita udongo ulikauka kwa siku mbili na wiki hii umekwenda tatu. Kwa hiyo swali lako ningeligeuza hivi: ni uamuzi gani unaoufanya leo kwa kubahatisha, ambao namba ingeubadilisha? Kwa mwenye pampu ya petroli uamuzi huo upo, nao ni siku ya kuiwasha na saa ya kuizima.

Kwanza ujue unachouziwa. Kihisi cha bei nafuu hakipimi maji yenyewe, bali hupima uwezo wa udongo wa kuhifadhi chaji ya umeme. Uwezo huo kwa maji ni kama 80, kwa udongo mkavu ni kati ya 3 na 5, na kwa hewa ni 1, na kutokana na tofauti hiyo kifaa hukisia kiasi cha maji kilichomo. Ndiyo maana kikichomekwa vibaya, pakabaki mwanya wa hewa kati yake na udongo, kitadai shamba ni jangwa hata mvua za mwaka zikiwa zinamwagika. Iko aina nyingine, rahisi zaidi, yenye vijiti viwili vya chuma kitupu ambavyo umeme hupita kati yake udongoni. Hiyo usiiguse, kwa sababu umeme wenyewe hukila chuma, na penye udongo wa chumvichumvi haimalizi msimu.

Pili, namba ya kihisi haina maana mpaka kiwe kimefunzwa udongo wako, na kazi hiyo haihitaji maabara. Chukua mkebe wa maziwa ya unga, utoboe matundu madogo chini, uujaze udongo wa shambani mwako uliouanika juani siku kadhaa na kuyaponda mabonge yake, ushindilie kiasi, kisha uchomeke kihisi na uandike namba. Halafu mimina maji polepole mpaka yatoke chini, funika mkebe, uuache usiku kucha ili maji ya ziada yachuruzike, na asubuhi uandike namba ya pili. Ya kwanza ndiyo ukavu wako, ya pili ndiyo shibe yako, na kila utakachosoma baadaye kitakuwa mahali fulani kati ya hizo mbili. Watu wa maabara hukausha udongo kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24 na kuupima kwenye mizani kabla na baada, nao wanapata jibu safi zaidi, lakini la mkebe litakutosha. Muuzaji akisema kifaa chake kimeshapangwa kiwandani, muulize kilipangwa kwa udongo wa wapi.

Udongo wetu wa pwani, mahali pengi, ni wa kichanga, na mchanga hauna tumbo. Kila mita moja ya kina chake huweka milimita 50 hadi 110 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Mboga yenye mizizi ya sentimita 30 hupata chini ya theluthi ya hayo, tuseme 15 hadi 33, na haifai kuiacha itumie zaidi ya nusu kabla ya kuongezewa. Wakati wa kaskazi, jua likiwaka na upepo ukivuma, bustani hupoteza kama milimita 5 kwa siku, kwa hiyo maji ya kutegemewa ni ya siku moja na nusu hadi tatu na kidogo, basi. Anayefungulia maji kutwa nzima Jumamosi ili apumzike wiki nzima huwa anayarudisha maji kisimani alikoyatoa, kwa gharama ya petroli.

Hapo ndipo kihisi kinapolipa. Usivitawanye vitatu kwenye pembe tatu za shamba, kama wauzaji wanavyopenda kuonyesha. Fukia viwili mahali pamoja, kimoja kwenye kina cha sentimita 15, penye mizizi, na kingine sentimita 40, chini ya mizizi mingi. Cha juu kitakuambia lini uwashe pampu, jambo ambalo mkono wako unalijua kwa sehemu kubwa. Cha chini kitakuambia lini uizime. Hicho cha chini kikilowa kila unapomwagilia, ujue unasukuma maji mahali mboga haiyafikii, na hayaendi peke yake, huondoka na mbolea ya naitrojeni uliyoitolea pesa.

Haya si ya kubuni. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilitengeneza kifaa kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga, ambacho badala ya namba huonyesha taa za rangi: buluu kwa udongo uliolowa, kijani kwa unyevu wa wastani na nyekundu kwa ukavu, taa moja kwa kila kina. Kilipotumiwa na wakulima wadogo katika skimu za umwagiliaji za Tanzania, Zimbabwe na Msumbiji, ilionekana kwamba wengi wao walikuwa wakimwagilia kupita haja. Walipoona taa za chini hazitoki kwenye buluu, walipunguza zamu za maji, na mavuno yakapanda.

Sasa pesa. Andika kwa mwezi mmoja kila lita ya petroli unayoitia kwenye pampu. Kama unamwagilia mara nne kwa wiki, na kihisi kikakuwezesha kuokoa nusu lita kila mara, hizo ni lita nane kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo chako cha mafuta, utoe salio la laini ya simu, kisha uigawe 18,000 kwa kilichobaki, nawe utaona ni miezi mingapi ya kurudisha mtaji. Ikizidi mwaka na nusu, mwambie kijana asubiri. Isipofika, anunue viwili badala ya vitatu, na kisanduku kiwe na kioo cha kusoma papo hapo, maana mtandao ukipotea hutaki na habari za shamba lako zipotee. Ama hilo la kujua ukiwa kitandani, bado itakubidi uamke kuwasha pampu.

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Shamba. Mimi nina bustani ya nyanya na spinachi Mtongwe. Nilipoolewa hapa kisima chetu kilikuwa kitamu. Siku hizi maji yana ladha ya chumvi, na majani ya nyanya yanaungua kwenye kingo. Binti yangu amesoma kwamba kuna kihisi cha kutia kisimani, chumvi ikizidi kinaleta ujumbe kwenye simu. Tukinunue?
Mama wa bustani, Likoni

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nikubali kutumia kurasa zote za toleo hili kwa mambo ya vihisi, kwa sababu chumvi, kuliko unyevu, ndiyo kipimo ambacho mkulima wa visima vya pwani anakihitaji zaidi na anauziwa kwa nadra zaidi.

Chumvi ya maji hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kipimo chake ni desisiemensi kwa mita. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, unasema maji ya chini ya 0.7 hayana tatizo kwa umwagiliaji, ya kati ya 0.7 na 3 yanataka uangalifu, na yanayozidi 3 ni ya kuogopwa kwa mazao mengi. Vifaa vingi vya madukani huonyesha kwa mikrosiemensi, kwa hiyo usishtuke ukiona 700, ndiyo 0.7 ile ile. Maji ya bahari yana karibu 50. Maana yake ni kwamba ndoo moja ya bahari ikichanganyika na ndoo kumi na tano za maji matamu, imetosha kukuvusha mpaka wa hatari.

Nayo huingiaje? Chini ya ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kuna kanuni ya siku nyingi ya Ghyben na Herzberg isemayo kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo pana kama mita 40 za maji matamu. Igeuze sasa upande wa pili: mkiyashusha maji nusu mita tu kwa kuyanyonya siku baada ya siku, mpaka wa chumvi huko chini waweza kupanda mita 20. Hapo huhitaji kuwa na kisima kirefu ili uonje bahari. Na pampu ya kasi, inayokausha kisima kwa nusu saa, hufanya vibaya kuliko ndoo na kamba za marehemu bibi zetu, ambazo zilikipa kisima nafasi ya kupumua.

Kihisi cha kudumu kisimani usikinunue kwanza. Kikikaa majini wiki mbili hushika ukoga, na ukoga hubadilisha kipimo, hivyo ni lazima kitolewe na kusuguliwa mara kwa mara, kazi ambayo haitajwi siku ya kuuza. Nunua mita ndogo ya mkononi ya kupima chumvi, ya ukubwa wa kalamu nene, pamoja na chupa ya maji ya kulinganishia yenye alama ya 1,413, ambayo mita ikitiwa ndani yake lazima isome namba hiyo hiyo au irekebishwe. Kila siku pima mara mbili, alfajiri kabla ya kuteka na tena dakika za mwisho za kuteka, uandike katika daftari pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo. Tarehe hiyo siiandiki kwa mapambo. Kisima cha karibu na ufuo, kilichochimbwa kwenye jiwe lenye matundu, hupanda na kushuka pamoja na bahari, na nyinyi watu wa Mtongwe hamhitaji kufundishwa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ni siku zipi, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, ni zipi. Baada ya miezi miwili daftari litakuonyesha kama chumvi inafuata bamvua, au inafuata pampu. Ikifuata pampu, teka kidogo kidogo asubuhi na jioni, ujaze tangi, na umwagilie kutoka tangini.

Daftari likithibitisha kwamba chumvi hupanda ghafla katikati ya kuteka, hapo ndipo kihisi chenye mtandao kinapata kazi: si kukuletea ujumbe ukiwa sokoni, bali kuunganishwa na swichi ya pampu ya umeme au ya sola ili ijizime kipimo kikifika, tuseme, 2. Ujumbe bila swichi ni habari mbaya tu. Jambo bora zaidi, ikiwa majirani mnaelewana, ni kuweka vipimo katika visima vitatu, kimoja cha karibu na ufuo, kimoja cha kati na kimoja cha juu, maana maji mnayoyateka ni yale yale na anayeyamaliza mmoja huwaharibia wote.

Kuhusu mazao, nyanya huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita 2.5, spinachi ikipita 2, vitunguu ikipita 1.2 na maharagwe ikipita 1 tu. Kwa hiyo una mazao ya kati, maharagwe usiyajaribu. Wakati wa masika iache mvua ioshe matuta bila kuyafunika.

SWALI: Nimeona mtandaoni kijiti cha kuchomeka udongoni kinachosoma naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa sekunde chache. Je, kinaaminika?
Kijana wa Bamburi

JIBU: Hapana, mwanangu. Vijiti hivyo vya bei nafuu hupima namna udongo unavyopitisha umeme, kisha hukisia virutubisho vitatu kutokana na kipimo hicho kimoja. Mwaga maji ya chumvi kwenye mkebe wa mchanga mtupu, ukichomeke, na kitakusifu kwa mbolea usiyoitia. Chukua udongo sehemu kumi au kumi na tano za shamba kwa kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, uupeleke maabara. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kiko jirani hapo Mtwapa, waanzie hao wakuelekeze.

SWALI: Bwana Shamba, mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki. Nimeombwa kuunda vihisi kwa ajili ya mashamba saba yaliyo ndani ya kilomita tatu hivi. Nitumie waifai, laini za simu au LoRa? Nimejaribu kimoja cha laini ya simu kwenye meza yangu kikafanya kazi wiki nzima, nilipokipeleka shambani kikawa kinajizima na kujiwasha.
Fundi, Changamwe

JIBU: Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti ya nchi za jirani huingilia mlangoni petu, na bado yapo mashamba ambapo, ili upate alama mbili za mtandao, sharti upande kichuguu. Fundi anayesahau jambo hilo hutengeneza vifaa vya meza ya Changamwe.

Gharama ya data isikutishe. Kipimo kimoja kila saa, cha baiti 50, ni baiti 1,200 kwa siku na 36,000 kwa mwezi; hata ukiongeza mara kumi kwa ajili ya salamu ambazo kifaa na seva, yaani kompyuta inayopokea vipimo, hupeana kabla ya kuzungumza, hujafikia picha moja ya simu. Kinachokutesa ni umeme. Moduli ya simu ya 2G, inapoutafuta mnara, huvuta mkondo unaoweza kufika ampea 2 kwa kishindo kifupi, na kadiri mnara ulivyo mbali ndivyo inavyopaza sauti. Mezani kwako mnara ulikuwa karibu na chaja ilikuwa nzuri. Shambani, betri ndogo na waya mwembamba haviwezi kutoa kishindo hicho, volti inaanguka, kisanduku kinajizima, kikiamka kinajaribu tena, na ndivyo betri inavyokwisha bila kutuma neno. Tumia waya mnene na mfupi, tia kapasita kubwa ya kutunza chaji karibu kabisa na moduli, na kiagize kifaa kilale usingizi mzito kati ya kipimo na kipimo.

Kwa mashamba saba yaliyokaribiana, mimi ningechagua LoRa. Huo ni mtindo wa redio unaotuma maneno machache, polepole, kwa nguvu ndogo, lakini hufika kilomita kadhaa mahali pa wazi, na betri huweza kudumu miaka. Kila shamba litakuwa na kihisi, na nyumba moja yenye umeme na mtandao itakuwa na lango moja la kupokea vyote na kuvipeleka kwenye intaneti. Badala ya laini saba za kuongezea salio utakuwa na moja. Miembe na mikorosho hunyonya mawimbi, kwa hiyo antena ya lango iinuliwe juu ya paa kwenye mlingoti. Usiifunge kwenye mnazi, hata kama mkwezi yuko tayari, kwa sababu kusi ikianza utakuwa na antena inayocheza ngoma. Angalia pia masafa kabla ya kuagiza: vifaa vya soko la Marekani hutumia megahezi 915, ilhali hapa kwetu hutumika yale ya 868 kama Ulaya, na mwenye neno la mwisho ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kila kihisi kiwe na kumbukumbu ya kuhifadhi vipimo vya siku kadhaa, ili umeme wa nyumba ya lango ukikatika visipotee. Waifai ibaki kwa kuku walio nyuma ya nyumba.

SWALI: Kikundi chetu cha wakulima kimeahidiwa vihisi vya bure na kampuni, kwa sharti kwamba takwimu zote ziwe zao. Wenzangu wanasema cha bure hakiulizwi. Mimi ndiye katibu na ndiye nitakayetia saini.
Katibu, Jomvu

JIBU: Kiulizwe, tena kabla ya kalamu kugusa karatasi. Unyevu wa udongo peke yake si siri ya mtu, lakini ukiunganishwa na jina la mkulima, namba yake ya simu na mahali shamba lilipo, umekuwa data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuelezwa itatumiwaje, kuiona, kupinga matumizi yake na kusahihishiwa iliyokosewa. Katibu hawezi kumtolea mwenzake ridhaa hiyo kwa saini moja; kila mwanachama aelezwe kwa Kiswahili na akubali au akatae mwenyewe. Msidhani pia kwamba takwimu za udongo hazina soko. Anayejua wiki tatu mapema kwamba bamia za Jomvu zitaiva zote kwa pamoja anajua bei atakayowaambia.

Lakini swali ambalo ningelitanguliza ni jingine: kampuni ikifunga au ikichoka, vihisi vitaendelea kusema? Vifaa vingi hupeleka vipimo kwenye seva ya mwenye kampuni, naye ndiye hukurudishia kwenye simu. Seva ikizimwa, mnabaki na vyuma chakavu vyenye sola. Niliwahi kupewa kimoja cha namna hiyo na watu ambao sitawataja. Mradi ulikwisha, na siku iliyofuata programu yangu ikaniomba neno la siri ambalo hakuna tena wa kulipokea. Andikeni katika mkataba kwamba kikundi kitapata nakala ya vipimo vyake kila mwezi, kwa jedwali linalofunguka kwenye simu ya kawaida, na kwamba mradi ukiisha vifaa vitafunguliwa ili fundi yeyote aviunganishe kwingine. Wakikataa hilo la pili, mmekwisha kujua wanawapa kitu au wanawakodishia.

SWALI: Bwana Shamba, nimetia kihisi kwenye tuta la mchicha, karibu na tundu la bomba la matone. Wiki nzima kinasoma asilimia 60, hakipandi hakishuki, na programu inasema udongo umelowa vizuri. Mchicha umenyauka. Nimwamini nani?
Mkulima, Shanzu

JIBU: Uamini mchicha, kisha utafute kihisi kimeshikwa na nini. Yapo mambo matatu. La kwanza, umekiweka penye tundu la maji, kwa hiyo kinapima kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Mchanga hushusha maji moja kwa moja chini bila kuyasambaza pembeni, na mche ulio sentimita 30 kutoka hapo huenda haujaonja tone. Kisogeze kikae nusu njia kati ya tundu na shina.

La pili ni chumvi, nayo hudanganya mara mbili. Hudanganya kihisi, kwa sababu vihisi vya bei nafuu husoma unyevu mwingi kuliko uliopo udongo ukiwa na chumvi. Na hudanganya mmea, kwa sababu maji huwapo lakini mizizi haiwezi kuyavuta, na mboga hunyauka ikiwa imesimama majini. Soma jibu nililompa dada wa Likoni, uyapime maji yako.

La tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu lilinipata. Namba ya kweli haikai pale pale wiki nzima, hushuka mchana na kupanda baada ya kumwagilia. Mwaka jana kihisi changu kilisoma namba moja kwa siku kumi na tisa, nami nikawa nawatembeza wageni na kujisifu kwamba udongo wangu umetulia. Kisanduku kilikuwa na alama ya IP67, yaani kinazuia vumbi na kinaweza kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Lakini mimi mwenyewe, kwa keekee yangu, nilikuwa nimekitoboa tundu la kupitishia waya na kuliziba kwa utepe. Nilipokifungua, nilikuta sisimizi wamejenga hapo, wamepanga mayai yao juu ya bodi, na hewa ya chumvi iliyopitia tundu hilo hilo imezitia kutu ya kijani soketi zote. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, zima betri, fungua skrubu nne za kifuniko, na uangalie ndani. Ukiona kijani, sugua kwa mswaki wenye spiriti, ukaushe, upake bodi rangi ya kucha isiyo na rangi isipokuwa kwenye soketi, na uzibe tundu kwa silikoni. Ukiwakuta sisimizi, mayai yatoe kwa brashi laini, usiyapulizie dawa. Dawa ya kopo huharibu bodi haraka kuliko wao.